Muulize Fundi: Kombi ya babu imeliwa na kutu, nianzie wapi?

Barua za mwezi huu nyingi ni za magari ya zamani na karibu zote zimetoka huku huku pwani, kwa hivyo nimeziweka pamoja. Wa pikipiki na tuktuk mtanivumilia mpaka toleo lijalo.

SWALI: Fundi salaam aleikum. Mimi kijana wa hapa Malindi, Shella. Babu yangu Mungu amrehemu alikuwa na Kombi ya Volkswagen, ile ya kioo kimoja kikubwa mbele, akibebea wageni kwenda Gede na Marafa enzi hizo. Tangu afariki imekaa tu uani chini ya mwarobaini, matairi chini, kuku wanataga ndani. Ami zangu wanataka iuzwe skrepa lakini mi nataka niifufue hapo hapo nyumbani pole pole, nije niuzie kahawa na mahamri. Kwa macho bodi si mbaya, kutu iko chini ya mlango wa kuburuta, pembe za nyuma na kidogo chini ya kioo cha mbele. Kuna fundi wa bodi hapa jirani kasema ataikwangua, apige fila (ule udongo wa kusawazishia bodi), apige spray, wiki moja kazi imeisha. Nimkubalie? Na nitajuaje ni ya mwaka gani, logbuku haionekani. (Mjukuu, Shella)

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Usimkubalie, si kwa mpango huo. Najua wiki moja inavutia na gari litang'aa kweli, lakini masika moja ikipita fila itaanza kubanduka vipande na chini yake utakuta shimo kubwa kuliko la mwanzo, manake fila inanyonya unyevu na kutu iliyofunikwa ikiwa hai haiachi kula. Kutu ya Kombi haianzii nje. Hiyo unayoiona chini ya mlango imeanzia ndani ya boriti inayopita chini ya mlango miaka mingi ndo sasa imetoboa ikatokeza. Na huku kwetu ndo balaa zaidi, kusi ikipuliza inabeba chumvi toka baharini inaingiza kwenye kila tundu, na chumvi ina tabia ya kuvuta maji ya hewani yenyewe, hata siku ya jua kali bati la ndani haliko kavu. Gari kama hilo lingekaa Nairobi miaka hiyo hiyo ungelikuta na hali nyingine kabisa.

Lakini kabla hujashika hata msasa, kuna jambo si la ufundi. Gari la marehemu ni mirathi. Hao ami zako wana fungu lao humo, na shangazi zako pia. Ukitia pesa zako mpaka ikapendeza, ndo utashangaa kila mtu anakumbuka kuwa ni gari la baba yao. Kaeni kikao sasa ikiwa bado ni skrepa, yamalizeni kwa Kadhi iandikwe ni ya nani, halafu hizo karatasi ndo zitakusaidia kuomba logbuku nyingine NTSA, wale wanaosajili magari, na kuhamisha jina. Abstrakti ya polisi utahitaji pia, ya kupotea kwa ile ya zamani.

Mwaka utaujua kwa namba ya chesisi. Fungua chumba cha injini nyuma, angalia upande wa kulia, imegongwa kwenye bati, huenda ukaikwangua rangi kidogo ndo isomeke. Kombi za kioo kimoja zilianza kutoka Agosti 1967 na Ujerumani waliacha kuziunda 1979. Namba yako itaanza na tarakimu mbili za aina ya gari, 21 ni la mizigo lisilo na madirisha ya pembeni, 22 ni basi dogo la abiria, 23 ni Kombi yenyewe, halafu tarakimu ya tatu ndo mwaka. Ikianza 234 ni ya 1974. Ila mwaka wao wa gari ulikuwa unaanzia Agosti ya mwaka uliotangulia, kwa hivyo ya 1974 yaweza kuwa ilitoka kiwandani mwishoni mwa 1973. Iandike hiyo namba mahali, ndo utakayoitumia kuagizia spea, na hakikisha fundi yeyote asikate wala kuchomelea karibu na hapo, ukipoteza namba ya chesisi gari lako kisheria halipo.

Haya, sasa bodi. Chukua sumaku, ile ya nyuma ya spika ya redio iliyokufa inatosha, ifunge kitambaa isikwaruze, uipitishe taratibu gari zima. Isiposhika hapo ni fila ya zamani, ujue babu alishawahi kuzibiwa. Halafu lala chini na bisibisi butu, gonga kwa mpini kwanza usikilize, bati zima linalia, bovu linatoa sauti nzito ya mfu, hapo geuza bisibisi usukume. Ikizama usisikitike, bora izame leo kuliko ikusubiri barabarani. Pita kwenye boriti za pembeni chini ya milango, pale pa kuwekea jeki, mikono ya chuma inayotoka kwenye chesisi kwenda pembeni, ndani ya matao ya matairi, na reli ya chini ya mlango wa kuburuta. Pembe za nyuma ulizotaja zinaoza kwa sababu juu yake kuna yale matundu ya kuingizia hewa ya injini, yale kama masikio, mvua inaingia humo inashuka inakaa chini. Upande wa kulia ndo mbaya zaidi, kuna sahani ya betri, na betri ikimwaga asidi kidogo tu basi. Inua betri uone, huenda unaona ardhi.

Chini ya kioo cha mbele nataka uangalie kwa makini. Chukua kisu uinue mdomo wa raba kwenye pembe ya chini. Raba ikiwa imekauka, ngumu, ina nyufa ndogo ndogo, basi maji yalikuwa yanapita nyuma yake na kukaa kwenye mfereji mdogo wa bati ambao jua haulioni kamwe. Utakuta rangi imevimba malengelenge, ukiyatumbua yanatoa maji ya rangi ya chai na chini yake bati limekuwa vigae unavyoweza kuvitoa kwa ukucha. Hapo hakuna njia ya mkato, raba ikatwe, kioo kitoke, mfereji ukwanguliwe au uundwe upya, halafu raba mpya. Raba ya zamani usijaribu kuiokoa, kioo ndo cha kuokoa. Ukiiokoa raba utapasua kioo.

Sasa sikia hili vizuri, manake ndo linaloua Kombi nyingi mikononi mwa mafundi. Kombi haina chesisi ya kuvua kama lori, bodi na chesisi ni kitu kimoja kimechomelewa pamoja, na zile boriti za pembeni zina matabaka matatu, la nje, la kati na la ndani. Ukikata pande zote mbili kwa mpigo gari linazama katikati, na hutajua mpaka siku unafunga mlango wa kuburuta haufungi. Weka gari sawa kwenye stendi imara, choma vyuma vya muda kuvuka uwazi wa milango ili ushikilie umbo, halafu upande mmoja, umalize, ndo uende wa pili. Kila ukichoma kipande, jaribu mlango. Na fundi asichome mstari mrefu moja kwa moja, atie vidoti huku na huku aache papoe, la sivyo bati linapinda kwa moto.

Bati nunua shiti nyeusi, geji 20 kwa bodi, geji 18 ambayo ni kama milimita 1.2 kwa sakafu, pa jeki na mikono ya chesisi iwe nzito zaidi ya hapo. Nasema hivi kwa sababu nimeona Kombi zimezibwa na mabati ya paa. Mabati ya paa ni membamba mno, halafu yana zinki, ukiyachoma ule moshi mweupe unaleta homa usiku mtu anadhani ni malaria. Na usikubali kipande kiwekwe juu ya kutu kama kiraka cha suruali. Kata mpaka ufike bati zima linalong'aa, hapo ndo uunganishe.

Ukishafika chuma kitupu, kioshe. Watu wa huku wanaliruka hili jambo. Msasa na grenda havitoi chumvi, vinaisambaza tu, na chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta maji kupitia rangi yenyewe, ndo yale malengelenge. Osha na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya mfereji, haya ya Baricho, au maji ya mvua ya tangini. Ya kisima hapana, visima vingi vya hapa mjini ni magadi matupu, utakuwa unaosha chumvi na chumvi. Kausha papo hapo kwa kitambaa na upepo wa kompresa ukiwa nayo. Vishimo vidogo vilivyobaki na weusi tia dawa ya kutu yenye fosforiki asidi, inageuza mabaki kuwa tabaka gumu, lakini ni kwa mabaki tu, si kwa kutu ya kubanduka vigae. Halafu praima, ile rangi ya kwanza ya chini, siku hiyo hiyo. Chuma kitupu ukikilaza nje usiku mmoja hapa Malindi asubuhi utakikuta cha rangi ya chungwa. Praima ya zinki ni nzuri ila inataka iguse chuma kitupu, juu ya kutu au juu ya dawa ya kutu haina kazi, hapo tumia epoksi.

Mwisho wa bodi ni ndani ya boriti. Hakikisha matundu ya kutolea maji chini ya boriti na chini ya milango yote yako wazi, mafundi wengi huyaziba kwa fila wakidhani ni kutu, halafu nyunyizia nta ya mashimo ndani, kwa mpira mrefu, mpaka uione ikidondoka kwenye hayo matundu. Rudia kila mwaka kabla ya masika. Bei ya chupa chache za nta na bei ya boriti mbili mpya, hesabu mwenyewe.

Na jirani yako msikosane. Mwambie unataka akate na achomelee, umlipe kwa siku, na fila iwe ya mwisho kabisa, nyembamba, ya kusawazisha tu.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu Mambrui, nina kigari cha Suzuki Carry cha zamani nakivua chote mwenyewe wakati wa likizo. Nina ndoo nzima ya bawaba, bolti, vishikizo na vipande vidogo vya chuma vyenye kutu, kukwangua na brashi ya waya kumenishinda. Nilisikia kuna njia ya umeme na magadi, ni kweli au porojo? (Mwalimu, Mambrui)

JIBU: Ni kweli kabisa mwalimu, na magadi haya haya ya kulainishia maharagwe yanafaa. Ndoo ya plastiki, maji, kijiko kikubwa cha magadi kwa kila lita nne au tano, koroga yayeyuke. Chaja ya betri ya volti 12, ile ya kizamani yenye mshale, hizi mpya za kompyuta nyingine zinakataa kuwaka zisipoona betri. Waya hasi, mweusi, ushike kile kifaa chenye kutu, waya chanya ushike kipande cha chuma cha kutupa, nondo au bati, na hivyo viwili visigusane ndani ya maji. Ukikosea waya utakula kifaa chako badala ya kutu. Viputo vitapanda, acha usiku mzima, asubuhi kutu imekuwa tope jeusi inatoka kwa brashi ya viatu.

Sasa masharti. Chuma cha kutupa kisiwe cha stenlesi, kinatoa sumu ya kromu kwenye maji. Usitie chumvi ya jikoni ati kuongeza nguvu. Aluminiamu usiitie, magadi yanaila, na spring ziache, zinakuwa dhaifu zinavunjika. Vile viputo ni haidrojeni kwa hivyo fanya nje, mbali na jiko na sigara, na zima umeme ukutani kabla ya kutia mkono. Watoto wa shule watapenda kuona, waweke mbali kidogo.

SWALI: Fundi, nabeba magunia ya chumvi na gari dogo la zamani, Gongoni kwenda Malindi. Huwa napaka oil chafu na dizeli chini kuzuia kutu. Rafiki zangu wanasema naharibu. Nani yuko sawa? (Dereva, Gongoni)

JIBU: Nyote, kidogo kidogo. Oil inazuia maji, hilo halina ubishi, na wazee wametumia miaka mingi. Lakini inavimbisha raba na bushi, inadondoka kwenye mchanga na kisimani kwako, na siku ukitaka kuchomelea hapo chini inawaka, siku ukitaka kupaka rangi haishiki. Tena oil iliyotumika ina asidi yake. Kwa gari la kubeba chumvi mi ningefanya hivi, kila jioni ya kazi maji baridi kwa presha chini ya gari na ndani ya sanduku la nyuma, halafu nta au grisi laini kwenye mikunjo. Na magunia yasikae juu ya bati tupu, tandika ubao uliofunikwa turubai zito usilishushe pembeni likakaa na maji. Chumvi ikimwagika fagia kwanza ikiwa kavu ndo uoshe, ukianza na maji umeitengeneza supu inayoingia kwenye maungio.

SWALI: Fundi nina Kombi pia, imetengenezwa bodi vizuri, lakini nikitoka Barani nikifika Watamu injini imechemka mpaka inakosa nguvu. Nimeambiwa ninunue injini ya Subaru. (Wa Barani)

JIBU: Usinunue kitu kwanza. Hiyo injini inapozwa na upepo na oili, haina rejeta, kwa hivyo swali ni je upepo unafika? Kuna mabati membamba meusi yanazunguka injini, mafundi wasioijua huyavua na kuyatupa wakisema yanaziba, kumbe ndo yanayoongoza upepo kwenye silinda. Kuna raba inayozunguka chumba cha injini kuziba nafasi kati ya injini na bodi, ikikosekana injini inavuta hewa moto iliyotoka yenyewe chini na kuivuta tena. Na gari lililokaa muda mrefu fungua ganda la feni, panya wanapenda sana humo, unakuta kiota kizima cha nyasi kati ya mapezi ya silinda na kipoza oili.

Hivyo vikiwa sawa angalia nafasi ya valvu, milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, yaani ya asubuhi, si ya ulizima kula chakula cha mchana ukarudi. Zikibana zinaungua. Taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, isiwe mbele mno. Kama ni injini ya 1600, oili inaingia kama lita mbili na nusu tu, na haina filta ya kubadilisha, ina kichujio cha wavu chini, kwa hivyo badilisha kila kilomita 5,000 au kabla, usingoje kama magari ya kisasa.

Na wewe wa Barani pamoja na yule Mjukuu, mipira ya petroli badilisheni yote, leo, na klipu zake. Tangi la Kombi liko mbele tu ya injini nyuma ya kipande cha bati, mpira wa miaka hiyo ukipasuka petroli inadondokea juu ya injini moto, Kombi nyingi zimeungua hivyo. Mjukuu usiwashe yako kwa kuvutwa na gari jingine. Toa plagi, tia oili kidogo ndani ya kila silinda, izungushe kwa spana kwa mkono pole pole mpaka iwe laini, mwaga petroli ya zamani, safisha tangi, ndo uje kwenye betri. Na kuchomelea kokote karibu na tangi ni tangi litoke kwanza, likiwa tupu ndo hatari zaidi manake lina mvuke. Betri itolewe na nyaya za altaneta zichomolewe kabla fundi hajawasha mashine.

SWALI: Kupiga rangi nyumbani msimu gani, na nikibadilisha rangi kuna shida na serikali? (Msomaji, Ngala)

JIBU: Kaskazi, Januari na Februari, asubuhi umande ukishakauka na upepo haujaanza kuinua vumbi. Mwezi wa tano usijaribu. Funika juu na turubai, mwaga maji sakafuni vumbi litulie, na mwambie jirani aondoe nguo kambani. Rangi za 2K za kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha rangi) zina isosianati, kemikali ya sumu, barakoa ya kitambaa au ya hospitali haisaidii lolote, ni mapafu yako, kama huna vifaa vya kuvutia hewa safi mpelekee mwenye chumba cha kupigia, au tumia rangi ya kawaida ya tina ambayo nayo inataka barakoa yenye filta za mvuke. Ukibadilisha rangi lazima iandikwe upya kwenye rekodi za NTSA, vile vile ukibadilisha injini, na gari litatakiwa ukaguzi. Rudisha rangi ya mwanzo ikiwezekana, utaikuta nyuma ya paneli za milango ambako jua halikufika.

SWALI: Spea za Kombi bado zipo? (Mjukuu huyo huyo, katuma ujumbe wa pili)

JIBU: Zipo kuliko unavyodhani, kwa sababu Brazili waliendelea kuiunda mpaka Desemba 2013 na vitu vingi vya injini na breki ni vile vile, ila zile za kuanzia mwisho wa 2005 zina injini ya kupozwa na maji, hizo usichanganye. Anzia Mombasa, ukikosa tuma mtu Kirinyaga Road Nairobi na namba yako ya chesisi na kile kifaa cha zamani mkononi, si picha. Masta silinda na mipira ya breki nunua mpya, usikubali za kuvuliwa kwenye gari lingine. Vipande vya boriti na pembe za bodi vilivyofinyangwa tayari vinauzwa nje lakini ushuru na nauli vinauma, hapo fundi mzuri wa kukunja bati atakufaa, mpe upande uliopona wa gari achukue vipimo. Na hao kuku watafutie banda kabla hujaanza kukata, kinyesi chao kina amonia na kinakula bati la sakafu wakati wewe unaziba paa.